Earle Seaton, wakili aliyeibeba kesi ya ardhi ya Wameru hadi Umoja wa Mataifa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, vijana wengi wa Meru na Arusha vijijini huanza kushika simu usiku na mchana wakitafuta vyuo. Wanaotaka kusoma sheria hapa nchini mambo yao ni mepesi kueleweka: wanaulizwa masomo na alama. Kigezo cha chini cha shahada ni ufaulu wa daraja la juu katika masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, kisha kila chuo kinaweka masharti yake na ushindani wake. Hakuna anayekuuliza kama ulikuwa kapteni wa timu.

Shida humpata yule anayetafuta nafasi au ufadhili nje ya nchi. Huko fomu ina kisanduku kingine kinachotaka mwombaji aorodheshe shughuli zake za nje ya darasa: klabu ya mdahalo, michezo, kazi za kujitolea, uongozi. Kijana wa Leguruki ambaye akitoka shule alikwenda kukata majani ya ng'ombe, Jumamosi akachuma kahawa na Jumapili akaimba kwaya, anakitazama kisanduku kile kisha anaandika: hakuna.

Kwa ajili ya kijana huyo tumeona leo tusimulie maisha ya mwanasheria mmoja ambaye wazee wa Engare Nanyuki na King'ori walilijua vizuri jina lake, ingawa hakuzaliwa Meru, wala Tanganyika, wala Afrika. Anaitwa Earle Edward Seaton.

Seaton alizaliwa mwaka 1924 Bermuda. Ni visiwa vidogo vilivyoko katika bahari ya Atlantiki, mbali kidogo na pwani ya Marekani, na wakati huo vilikuwa koloni la Waingereza kama vilivyo chini yao hadi leo. Wakazi wengi walikuwa watu weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa, lakini mali na madaraka vilikuwa mikononi mwa Wazungu. Shule zilitengwa kwa rangi. Hoteli zilitengwa. Hata ukumbi wa sinema ulikuwa na viti vya huyu na viti vya yule. Kijana mweusi aliyetaka elimu ya sekondari alikuwa na mahali pachache pa kwenda, na palipojulikana zaidi ni Berkeley Institute, shule iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa juhudi za watu weusi wenyewe. Seaton alisoma hapo.

Bermuda haikuwa na chuo cha sheria. Kwa hiyo alivuka bahari kwenda Washington, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Howard. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vilivyokomesha utumwa Marekani, na kwa miaka mingi ndicho kilichowapokea weusi waliofungiwa milango kwingine. Msikilizaji huenda amewahi kulisikia jina la Thurgood Marshall, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Yeye alisomea sheria Howard akahitimu mwaka 1933, kwa sababu chuo cha jimbo lake la Maryland hakikuwa kikipokea weusi. Kwa kijana mweusi wa nyakati hizo, awe wa Maryland au Bermuda, swali la shughuli za nje ya darasa lilikuwa dogo. Aliulizwa rangi kwanza.

Kutoka Howard, Seaton alikwenda London akachukua shahada ya sheria baada ya Vita Kuu ya Pili. London ndiyo iliyokuwa lango la sheria kwa makoloni yote ya Mwingereza, na inafaa tueleze lango hilo lilikuwaje, maana ndipo tutaelewa kwa nini Wameru hawakuwa na wakili wao.

Mtu aliyetaka kuwa wakili wa mahakama kwa utaratibu wa Kiingereza alipaswa kujiunga na mojawapo ya vyama vinne vikongwe vya mawakili: Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple au Gray's Inn. Alitakiwa kuwa na cheti cha elimu, barua za watu wa kuaminika waliothibitisha mwenendo wake, na ada. Kisha kulikuwa na mitihani. Na kulikuwa na sharti lingine ambalo wengi wakilisikia hucheka: mwanafunzi alipaswa kula. Alihesabiwa amemaliza muhula pale tu alipokuwa amehudhuria idadi iliyowekwa ya milo ya jioni katika ukumbi wa chama chake, akiwa amevaa joho, ameketi pamoja na mawakili. Bila kula, hata ukifaulu mitihani yote, hukuitwa wakili. Waingereza waliona kwamba sheria haijifunzwi vitabuni tu, bali pia kwa kukaa na waliokutangulia. Huenda ni kweli. Lakini hesabu yake ni rahisi: ni lazima uwe London, kwa miaka, ukiwa na kodi ya chumba, koti la baridi na nauli ya meli. Mtoto wa mkulima wa Poli angeupata wapi mlo huo?

Hapa Afrika Mashariki hapakuwa na mbadala. Makerere ilikuwepo, ikifundisha walimu na madaktari, lakini haikufundisha sheria. Serikali za kikoloni zilitoa ufadhili kwa tahadhari kubwa, na sheria haikuwa somo zililopenda kulilipia. Jirani zetu wa Kenya wanamkumbuka Argwings-Kodhek, aliyepelekwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kusomea mambo mengine, akageukia sheria, akarudi akiwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili wa aina hiyo. Alilazimika kuingia kwa mlango wa pembeni. Sababu haina fumbo: mwalimu na mganga walikuwa wasaidizi wa serikali, lakini wakili anaweza kuisimamisha serikali mbele ya jaji na kuiuliza umefanya hivi kwa idhini ya nani.

Seaton alipomaliza masomo hakurudi Bermuda kufungua ofisi. Alikuja Tanganyika, akaanza uwakili Moshi. Mkewe, Alberta, alikuwa Mmarekani mweusi wa Houston, Texas, mwanasayansi wa elimu ya wanyama mwenye shahada ya uzamivu, jambo la nadra mno kwa mwanamke mweusi wa wakati ule. Mwaka 1951 Seaton alikuwa na umri wa miaka 27 tu. Kwa watu wa Kilimanjaro na Meru alikuwa kitu kipya: mtu mweusi aliyesimama mahakamani kwa niaba ya wengine.

Sasa turudi mlimani. Tangu mwaka 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri walipouawa Akeri na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa ukali, ardhi ya Wameru ilianza kukatwa vipande. Mashamba ya walowezi yaliuzunguka Mlima Meru kwa chini kama mkanda. Juu kulikuwa na msitu wa serikali, chini mashamba ya Wazungu, na katikati Wameru na Waarusha wakibanana na migomba na kahawa yao. Kadiri watu walivyoongezeka, njia ya kutokea ilikuwa kaskazini-mashariki, kwenye malisho ya Engare Nanyuki, kati ya Meru na Kilimanjaro. Huko ndiko ng'ombe walikopata nyasi na vijana wakapata mahali pa kuanzia maisha.

Baada ya vita, serikali ya Waingereza ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza suala la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Taarifa yake ilikiri kwamba Waafrika walibanwa, ikapendekeza baadhi ya mashamba warudishiwe. Lakini pia ilipendekeza eneo lililo kati ya milima hiyo miwili liwe la Wazungu moja kwa moja, lisilochanganyika, kwa ajili ya ufugaji wa kisasa. Maana yake Wameru wa Engare Nanyuki waondoke. Walitengewa eneo la King'ori, chini zaidi, kwenye joto na homa. Wameru walikataa. Walikataa kwa barua, kwa mikutano, na kwa kutogusa fidia.

Tarehe 17 Novemba 1951 askari walianza kuwahamisha. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa. Wenye bibi au babu aliyekuwa mtoto siku hizo hawahitaji tuwaeleze zaidi.

Hapo ndipo kazi ya wakili ilipoanza, na tungependa kuieleza taratibu, maana wengi hudhani uwakili ni kupaza sauti. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini: Umoja wa Mataifa uliikabidhi kwa Uingereza mwaka 1946 kwa mkataba ulioandikwa. Katika mkataba huo kifungu cha 8 kilisema mtawala, anapotunga sheria za ardhi, azingatie mila na sheria za wenyeji, aheshimu haki zao na kulinda maslahi yao ya sasa na ya baadaye. Na Katiba ya Umoja wa Mataifa, kifungu cha 87, iliruhusu maombi kupokelewa kutoka katika nchi za udhamini. Yaani mkulima wa Meru, ambaye hakuwa na kura hata moja katika nchi yake, alikuwa na haki ya kuandika barua New York na barua hiyo ikasomwa. Haki hiyo ilikuwa imelala kwenye karatasi. Ilihitaji mtu wa kuisoma karatasi, na kuyageuza machungu ya mlimani yawe madai yenye tarehe, majina ya mahali, hesabu ya nyumba na kifungu kilichovunjwa.

Wameru walikuwa wamejipanga katika umoja wao wa raia, na katibu wake alikuwa Kirilo Japhet, mzaliwa wa mwaka 1921. Hakuwa mwanasheria. Alikuwa kijana aliyesoma kiasi, aliyeaminiwa na wazee, aliyeweza kuandika muhtasari wa mkutano na kusimama mbele ya ofisa bila kutetemeka. Wananchi walichanga fedha, nyingi zikiwa za kahawa, ili ampate wakili na nauli. Mwaka 1952 Kirilo na Seaton walifika New York na kusikilizwa na Baraza la Udhamini. Kirilo alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya chombo hicho, na alieleza shauri la watu wake kwa Kiswahili. Fikiria jambo hilo: miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kwenda huko mwaka 1955 kwa niaba ya TANU, Kiswahili cha Meru kilikwisha kusikika katika ukumbi ule, na pembeni ya msemaji aliketi wakili mweusi kutoka kisiwa cha Atlantiki.

Je, walishinda? Tuseme ukweli, hapana. Baraza la Udhamini lilisikitika lakini halikuiamuru Uingereza kuirudisha ardhi. Shauri lilipofika kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, wajumbe wengi waliunga mkono azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Lilipopelekwa Baraza Kuu lenyewe mwezi Desemba 1952, halikupata theluthi mbili ya kura. Wakili angeweza kufunga faili hapo.

Lakini kuna ushindi ambao hauandikwi kwenye hukumu. Serikali ya Uingereza ilikuwa imelazimika kujieleza hadharani, mbele ya dunia, kwa sababu ya kijiji ambacho wajumbe wengi hawakuwahi kukisikia. Kirilo aliporudi mwaka 1953 alizunguka sehemu mbalimbali za nchi akieleza yaliyotokea, na wengi waliokuja kuijenga TANU walijifunza kwamba suala la ardhi ya kabila moja linaweza kuwa suala la nchi nzima. Mradi wa ufugaji wa walowezi nao haukushamiri, na Wameru walikuja kurudi Engare Nanyuki. Leo watu wanalima na kufuga pale pale.

Hapa tunamrudia kijana wetu wa fomu. Kirilo angepewa kile kisanduku mwaka 1950, angeandika nini? Katibu wa umoja wa wananchi. Mkusanyaji wa michango. Mwandishi wa barua za wazee. Mtu yeyote anayechagua wanafunzi wa sheria angeiweka fomu hiyo juu ya nyingine. Lakini tunaijua hali ya kwetu: huenda asingeandika kitu, kwa kuwa hayo aliyaona ni mambo ya nyumbani, si shughuli. Vyuo vya Marekani, ambako sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, hutazama kwanza alama za chuo na mtihani wa kujiunga unaoitwa LSAT. Baada ya hapo husoma maelezo binafsi na orodha ya kazi, na kazi ya kulea wadogo, kuuza maziwa au kutunza daftari la kamati ya maji ni kazi. Inafaa iandikwe kwa saa na kwa miaka, pamoja na kilichobadilika kwa sababu yako. Uingereza baadhi ya vyuo, kama Oxford na Cambridge, vina mtihani wao uitwao LNAT, usiohitaji kujua sheria bali kusoma kwa makini na kujenga hoja. Mtoto aliyekua akisikiliza wazee wakisuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba hajaanza mbali na hapo.

Na wa kubaki nyumbani naye asijione mnyonge. Wakati wa uhuru mwaka 1961 mawakili Waafrika wa Tanganyika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Ndiyo maana kitivo cha kwanza kabisa cha Chuo Kikuu Dar es Salaam, kilipofunguliwa Oktoba mwaka huo katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa cha sheria, kikiwa na wanafunzi wasiofika ishirini. Leo shahada ya sheria inafundishwa Makumira, Usa River, chini ya mlima uleule. Mwanafunzi kutoka Nkoaranga anaweza kwenda kwa bodaboda. Akihitimu na akitaka uwakili, ataendelea na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Milo ya London haihitajiki tena.

Seaton mwenyewe hakuondoka baada ya kesi kwisha. Aliongeza masomo Marekani hadi shahada ya uzamivu. Baada ya uhuru aliitumikia serikali ya Tanzania akiwa mshauri wa sheria katika mambo ya nje, na akawa jaji wa Mahakama Kuu. Hukumu zake zimo katika vitabu vya mashauri vya miaka ya 1960. Pamoja na Sosthenes Maliti aliandika kitabu kuhusu mikataba ya Tanzania na nchi nyingine, kilichotoka mwaka 1973. Nchi mpya ilikuwa imerithi mikataba iliyotiwa saini na wakoloni, na ilibidi mtu akae achambue upi unatufunga na upi hautufungi. Ni kazi kavu. Mtu aliyewahi kuona watu 3,000 wakihamishwa huku kifungu cha mkataba kikiwa kimya asingeiona ndogo.

Alirudi Bermuda miaka ya 1970 akawa jaji mweusi katika Mahakama Kuu ya visiwa vile vile vilivyomsomesha kwenye shule ya kutengwa. Kuanzia mwaka 1978 hadi 1988 alikuwa Jaji Mkuu wa Ushelisheli. Huko ndiko alikokutana na kesi iliyotangazwa duniani kote. Novemba 1981 mamluki walioongozwa na Mike Hoare, mtu aliyejulikana tangu vita vya Kongo, waliingia nchini humo wakijifanya watalii ili kuipindua serikali. Waliokamatwa walifikishwa mbele ya Seaton mwaka 1982, na wanne akawahukumu kifo kwa uhaini. Hawakunyongwa, mwaka uliofuata walisamehewa na kuachiwa. Sisi tunaona kesi ya Meru ilikuwa nzito kuliko hiyo, ingawa magazeti ya dunia hayakuipa kurasa nyingi kama zile.

Kutoka Ushelisheli alikwenda Uganda, akakaa katika Mahakama ya Juu wakati nchi hiyo ikijijenga upya baada ya vita. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kirilo Japhet aliishi hadi mwaka 1997.

Wawili hao waliacha kitabu kimoja walichoandika pamoja kuhusu kesi ya ardhi ya Wameru. Kilichapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Kwa kawaida wakili ndiye anayejua kupanga maneno, na angeweza kujitanguliza. Jina lililowekwa mbele ni la Kirilo Japhet, na la Seaton linafuata.